Kizibo cha Kumi

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa karakana ya seremala, na benchi tunalokalia alilitengeneza yeye mwenyewe, kwa hiyo akija hatuna ubavu wa kumwambia sogea. Tunamwita Randa. Spana ni fundi pikipiki. Redio anauza miwani mkabala na sisi, na jina lake halihitaji maelezo. Mkubwa wetu ni Mwalimu Chaki, aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nane, na ndiye baba mkubwa wa Randa, aliyemlea tangu utotoni. Mimi ni kinyozi, kazi yangu kunyoa na kusikiliza. Alasiri hiyo ya Ijumaa mzee alikuja na fomu ya chekechea mfukoni mwa shati. Alikuwa amemtafutia nafasi mjukuu wake, binti wa Randa wa miaka minne na nusu, na ilibaki sahihi ya baba tu. Randa akatoka karakana na ubao kwapani, akamimina kahawa, akakaa.

Chaki: Weka sahihi hapa tumalize. Jumatatu mtoto anaanza.

Randa: Shikamoo kwanza, Baba Mkubwa.

Chaki: Marahaba. Weka sahihi.

Randa: Mwanangu anasoma tayari. Mama yake anamfundisha nyumbani, kwa mtindo wa Montesori, wa kujifunza kwa mikono.

Chaki: Juzi nimemkuta anamimina maharage kwenye jagi. Yakijaa, anayarudisha kwenye jagi la kwanza. Lile ni somo au adhabu?

Randa: Mkono unatulia, Baba Mkubwa. Kesho mkono huohuo unashika kalamu.

Redio: Mimi nimesikia watoto wa hivyo wakikua hawajui kupanga foleni.

Spana: Foleni? Haki ya Mungu, kuna mmoja alifungua saa ya baba yake. Akaja kwenye jiko. Akamalizia kitasa cha jirani. Mtaa mzima sasa wanalala kwa zamu!

Redio: Na hawaogopi mtihani. Fikiria nchi nzima ya watu wasioogopa mtihani. Nani atamsikiliza nani?

Spana: Mawaziri watakuwa wanamimina maharage.

Tulicheka mpaka kahawa ikanipalia. Randa hakununa. Alikuwa amevimba kichwa siku hizo, na sisi wote tulijua.

Randa: Chekeni. Herufi zake nimezikata mwenyewe kwenye msasa, nikazigandisha kwenye vibao. Anapitisha kidole, anaitamka sauti. Vifungo anafunga mwenyewe. Kikombe chake ni cha kioo, anakiosha mwenyewe, na hajavunja hata kimoja.

Spana: Mwanangu mimi kavunja sahani ya bati.

Chaki hakucheka. Alikuwa anaikunja fomu na kuikunjua.

Chaki: Wewe nani alikufundisha kusoma?

Randa: Wewe, Baba Mkubwa.

Chaki: Na mkeo?

Randa: Wewe pia. Darasa lilelile.

Chaki: Basi semeni tu kwamba ualimu wangu haufai. Nitaelewa.

Hapo hata Redio alizima. Mimi niliona huruma, maana mzee hakuwa anadai shule, alikuwa anaidai heshima yake.

Redio, asiyevumilia kimya, akauvuta ule ubao. Ulikuwa na matundu kumi kwa mstari, na vizibo kumi vya mbao, kila kimoja na kishikio chake juu. Vyote kimo kimoja, ila unene mbalimbali, kila kimoja na tundu linalokitosha. Kishikio kimoja kilikuwa kimeng'oka, Randa amekibandika upya kwa gundi.

Redio: Hii ndiyo shule yenyewe? Subiri niipasi.

Akavimwaga benchini, akavichomeka chapuchapu. Kikabaki kizibo kimoja kinene na tundu moja jembamba.

Spana: Lete hapa. Hiyo kazi ya mafundi.

Akabadilisha viwili, akasukuma kimoja kwa kiganja. Kikabaki kinene kilekile.

Spana: Huyu Randa kakosea kipimo. Naapa.

Redio: Mbao imevimba kwa mvua. Au matundu ni tisa na nusu.

Spana: Nileteeni nyundo.

Randa: Nyundo hapana!

Chaki akavaa miwani. Akakijaribu kizibo kile kwenye tundu lililobaki, upande huu na ule, kama anayesahihisha daftari. Kikagoma.

Chaki: Kweli, mwanangu. Umekosea kipimo.

Randa akatabasamu tu, akanywa kahawa.

Ndipo mkewe akatokea kuufuata ubao, na binti yao kamshika mkono.

Binti: Shikamoo, babu.

Chaki: Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uone, baba yako kaharibu kazi.

Mtoto akautazama ubao. Akatoa vizibo vyote tisa, akivishika kwa vidole vitatu, akavipanga benchini pamoja na kile cha kumi, kuanzia chembamba. Akaanza kuvirudisha. Cha tano akakiweka pasipo pake, akakitikisa, akakitoa, akakipeleka tundu la jirani. Mama yake hakusema neno. Kilipoingia cha kumi hakikubaki kitu benchini isipokuwa vikombe vyetu. Nilimtazama Randa. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakujificha.

Chaki: Pale ulipokosea, nani alikwambia?

Binti: Tundu. Kilichezacheza.

Chaki: Mama hakukwambia?

Binti: Mama ananyamaza.

Mkewe Randa akainama kidogo mbele ya mzee.

Mke: Kunyamaza nilijifunza kwako, Mwalimu. Ulikuwa unasimama nyuma yangu mpaka nilione kosa mwenyewe.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na kitu. Mtoto alikuwa bado anatutazama mmoja mmoja.

Binti: Mbona nyie hamkuvitoa vyote mkaanza upya?

Spana akamtazama Redio. Redio akaangalia miwani yake ng'ambo ya barabara. Mimi nikachungulia birika, halikuwa na tone.

Mwalimu Chaki akauvuta ubao mapajani. Akatoa kizibo cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi, akavichanganya kwa kiganja.

Randa: Na fomu, Baba Mkubwa?

Chaki: Usinisemeshe. Niko darasani.