Mabega ya Makoti Ndani ya Spika za Mzee Bakili

Miaka thelathini na moja ya kufufua spika zilizokufa, na sasa basi. Tarehe 30 Juni Mzee Bakili Chitanda, fundi mkuu wa karakana yetu hapa Msimbazi, anastaafu na kurudi kwao Masasi.

Alianza kwa kufagia na kuuza betri. Leo ukipita ukumbi wa harusi Ilala ukasikia besi imetulia, ujue mkono wake umefika.

Siri aliipata Mchikichini, kwa Dada Tatu muuza mitumba. Kila Jumamosi anachukua kwake sponji za mabega zilizochomolewa kwenye makoti ya kike. Tatu alidhani anashonea nguo, akamwita fundi cherehani miaka yote, na mzee anaitika tu. Kumbe anazipanga ndani ya boksi la spika, besi isivume kama ndoo.

Ila mapenzi yake hasa yalikuwa skrubu za shaba. Kila boksi anatoa za chuma anaweka za shaba, anadai sauti inang'aa. Fundi mwenzake Athanas hakukubali hata siku moja.

"Mzee, skrubu haiimbi."

"Mwanangu, sikio lako limejaa honi za bajaji."

Mwezi uliopita bosi wetu, Mama Josepha, akataka kujua tuendelee na skrubu zipi mzee akishaondoka. Mzee akaapa: shaba ikishindwa, anazichomoa mwenyewe. Tukatundika khanga, nyuma yake spika mbili pacha, moja ya shaba, moja ya chuma, taarab ileile. Mzee kafumba macho, kachagua inayong'aa. Tukabadilisha nafasi, kachagua tena. Mara zote kaonyesha ya chuma, tena kwa uhakika kabisa.

Athanas mwenyewe kashindwa kucheka. Mzee akanyoosha mkono.

"Nipeni bisibisi."

Ila akadai sponji nazo zipimwe. Tukamwita Tatu asikilize spika yenye sponji na isiyo nayo. Kila tukibadilisha, anapatia. Tulipomfungulia boksi, akashika kiuno.

"We fundi cherehani, kumbe makoti yangu unayavalisha masanduku?"

Kwa hiyo sponji zinabaki. Skrubu za shaba zimetoka zote, isipokuwa moja nyuma ya kila boksi. Anaifunga Athanas, na hakuna aliyemtuma. Kwenye sauti haiongezi kitu. Inaonyesha tu spika imetoka kwetu.

Asante Mzee Bakili kwa kutufundisha kusikiliza kwanza, kubishana baadaye. Uwe na maisha matamu huko Masasi. Redio ya nyumbani ikianza kuvuma usihangaike, Tatu ameshakufungashia mabega.