Uso Uliochorwa kwenye Gunia

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya mzaha. Mtaa wetu wa Namuwongo umepata pigo. Afande Lamunu ametutoka. Kwa aliyefungua redio sasa hivi, narudia: Koplo Lamunu, yule polisi aliyewafundisha wasichana ngumi kando ya reli, ametutoka. Alikuwa na miaka thelathini tu.

Alikuwa mtoto wa askari, kwao Kitgum, kule kaskazini. Mwaka themanini na sita, vita vilipoisha, alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwenye kizuizi cha barabarani, mtu mwenye bunduki alimuuliza kabila lake. Akajibu; lilikuwa kabila la walioshindwa. Kitako cha bunduki kikamvunja shavu la kushoto. Likabonyea, na halikurudi tena.

Kaka yake, Okidi, ametuambia: "Dada alifunika hilo shavu kwa leso miaka sita. Hata chakula alikula akiangalia ukuta."

Mnashangaa baadaye akavaa magwanda? Mwenyewe alijibu, "Nilitaka siku moja bunduki iwe upande wangu." Huko kambini, kwenye mafunzo ya polisi, ndiko alikojifunza ngumi, na siku alipomwangusha mwanamume wa kwanza, leso aliitupa.

Mwaka tisini na tisa akatundika gunia la matambara nyuma ya ghala la makaa, Namuwongo. Wasichana wakaja. Sheria yake ilikuwa moja: chukua kipande cha mkaa, chora kwenye gunia uso wa mtu anayekuumiza, kisha mtandike. Ala! Yale makonde! Walichorwa wajomba, walimu, wenye nyumba. Wasichana walitwanga huku wanalia na kucheka, na Afande alifurahi.

Halafu akaja Nafuna. Miaka kumi na mitatu, binti wa Nelima, yule mama Mkenya anayekaanga mihogo. Baba yake wa kambo, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu redio hii siichafui, alimwita Masizi. Siku moja alimnyofoa hereni kwa mkono, sikio likachanika. Nafuna akaja ghalani, akachukua mkaa. Alichora polepole, akarudi nyuma, akaanza kupiga. Akapiga mpaka ngozi ya vidole ikatoka na gunia likatapakaa damu.

"Nani huyo, we Nafuna?" wenzake walicheka.

Lamunu akasogea kutazama. Mikia miwili ya nywele. Sikio moja limechanika. Nafuna alikuwa amejichora mwenyewe.

Afande akaingia katikati ya gunia na zile ngumi. Ya kwanza ilimpata puani. Ya pili na ya tatu zilitua palepale kwenye shavu bovu. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Basi, mwanangu. Basi. Huyo hana kosa."

Okidi anakumbuka alivyorudi nyumbani na pua imevimba. "Aliniambia, 'Okidi, mimi nimekosea. Nimewafundisha kupiga, lakini sijawafundisha kujitazama.'"

Mkosaji akikiri, nusu ya safari ameimaliza. Afande alilifuta gunia kwa kitambaa chenye maji, akaenda soko la Owino, akanunua kioo. Sheria ikabadilika. Kabla ya ngumi, simama mbele ya kioo, taja kitu chako kimoja ambacho hutaki mtu akipige. Nafuna alisimama wiki tatu bila kufungua mdomo. Afande alimngoja, wala hakumharakisha. Wiki ya nne, kwa sauti ndogo, akasema, "Sikio langu." Lamunu alipiga vigelegele hadi wauza mkaa wakatoka kuchungulia!

Hayo yalikuwa miaka miwili iliyopita. Jumanne hii, saa kumi jioni, yule baba wa kambo alikuja ghalani na nondo. Alitaka kumburuta Nafuna nyumbani. Lamunu akaingia katikati, kama siku ile. Nondo ilimpata kichwani. Nafuna alimpiga yule mwanamume ngumi moja, akaanguka chini. Watu walishaleta tairi wamchome, polisi wakamuwahi. Sasa yuko ndani. Lakini Afande hakufika hospitali.

Kwenye matanga maneno yakaanza, si mnajua midomo yetu. "Mtoto wa watu amekufa kwa ajili ya kale kasichana." Nafuna aliyasikia yote. Jana asubuhi akaenda kwenye kioo pale ghalani, watu wakamfuata. Macho yamevimba. Akainua ngumi, akailenga ile sura. Mama yake, Nelima, anasema, "Nilishindwa hata kupiga kelele. Nilijua sasa mtoto wangu anajimaliza."

Kisha Nafuna akaishusha ile ngumi, akaukunjua mkono, akashika sikio lake. Akasema mbele ya wote, wale wa midomo wakisikia: "Huyu hana kosa."

Wasikilizaji wapendwa, Okidi na ukoo mzima, poleni sana. Nelima, pole mama. Wasichana wa ghalani, poleni; gunia lenu msilishushe. Na wewe mzazi unayenisikiliza na chai yako mkononi, ni jina gani ulimwita binti yako leo asubuhi? Usinijibu mimi. Mwite, mtazame usoni, umwambie maneno yale ya Afande. Mwambie kabla hajaokota mkaa.