Usiku Mmoja Unatosha

Wapendwa, nafasi hii ya kusimama mbele yenu niliiomba mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nilifika mpaka mlango wa kanisa, nikasikia kwaya inaimba, nikageuza pikipiki nikarudi nyumbani. Leo nimeingia. 

Wengi mnanijua. Mimi ni motari, nabeba watu na mizigo kwa pikipiki toka hapa Baraka mpaka Mboko. Na wengi mnaniita Profesa. Leo nataka kuwaeleza jina hilo lilitoka wapi, na kwa nini nawaomba msiniite hivyo tena.

Ilianza na mguu. Nilianguka kwenye daraja bovu upande wa Lweba, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Miezi mitano nilikaa nyumbani, mguu juu ya kiti. Mtu aliyezoea kusalimiwa na barabara nzima sasa anaangalia kuku wakipita uani. Mke wangu anaenda shambani, watoto wanaenda shule. Nabaki na simu.

Motari mwenzangu akanihurumia, akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp. Wengine wenu mmo humo, nawaona, msiiname. Ni grupu la kuulizana mambo ya maisha. Mtu anataka kununua bati, anauliza zipi hazishiki kutu haraka. Mwingine redio yake inamaliza betri kwa siku mbili. Mama mmoja kuku wake wanakula mayai yao wenyewe, afanye nini? Watu wanajibu, wanacheka, wanashukuriana. Ni kitu kizuri. Sikusimama hapa kulisema vibaya lile grupu.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kweli kabisa. Mtu mmoja wa Fizi aliuliza kwa nini pikipiki yake inazima kila ikipanda mlima. Nikamwambia: angalia kifuniko cha tangi, kile kitundu cha hewa, kikiziba mafuta hayashuki. Haikupita saa moja akaandika, "Profesa, sasa iko inapanda kama mbuzi!" Watu wakacheka, jina likanibaki.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyelala na mguu uliovunjika akiitwa Profesa, anajisikia kama amesimama.

Mwanzoni nilijibu mambo ya pikipiki tu. Halafu betri na sola, ambazo nilizijua nusu. Halafu nyufa za ukuta, ugonjwa wa mbuzi, dawa ya kunguni. Nilikuwa nasoma kidogo hapa, nakisia kidogo pale. Raha yangu ilikuwa kuwa wa kwanza. Nikiona kwenye simu kwamba mwenzangu anaandika, namkimbiza nimtangulie. Mwisho aliyeanzisha grupu akanifanya msimamizi. Nikapewa uwezo wa kufuta ujumbe wa watu. Mkumbuke hilo, litakuja.

Siku moja ikaingia sauti ya mwanaume. Kwa namna alivyoongea, taratibu, nilijua ni mtu wa kule juu, milimani. Alisema hivi: "Bandugu, salamu. Sisi tulishuka toka juu sababu ya vita. Ng'ombe zetu haziko tena. Huku chini tumepata mihogo, lakini batu banasema ni ile ya uchungu. Kwetu tulizoea viazi na maziwa, kazi ya mihogo hatuijue. Tuloweke siku ngapi mbele ya kuanika? Mama wa batoto anaomba mutusaidie."

Mimi mzaliwa wa hapa. Bugali la mihogo nimelila toka nilipoota meno. Nikaandika mara moja: "Usiku mmoja unatosha. Kisha anika juani."

Akina mama, nawaona mnashika vichwa. Mko na haki.

Wapendwa, sijawahi hata siku moja kuloweka muhogo. Nilikuwa namwona mama yangu anauweka ndani ya maji jioni, na siku fulani nauona umeanikwa. Katikati palipita nini, sikujua, na sikuwahi kuuliza. Siku ile mke wangu alikuwa uani, hatua sita toka pale nilipoketi, anamenya mihogo yenyewe. Ningepaza sauti tu angenijibu. Lakini ningepaza sauti, mwingine angenitangulia.

Mama mmoja wa Nundu akaandika chini yangu: "Hapana, Profesa. Siku tatu, mpaka ilainike. Ile ya uchungu iko na sumu."

Nikaona aibu, mbele ya watu wote wale. Nikamjibu kwamba akitia maji ya moto kidogo, usiku mmoja unamaliza sumu. Maji ya moto niliyatunga pale pale, kwenye kiti. Mama hakunyamaza, akaandika tena, "Baba, usidanganye batu." Basi nikafuta ujumbe wake wa kwanza, nikafuta na wa pili, nikaandika kwamba anayechanganya watu atatolewa. Yule baba wa milimani akaandika, "Asante Profesa, Mungu akubariki." Nami nikajibu Amina.

Wiki nyingi zikapita. Mguu wangu ukapona, nikaanza kutembea bila fimbo. Ulikuwa wakati wa njaa, mtakumbuka, hata ndagala, wale samaki wadogo, walikuwa adimu ziwani, watu wengi walikula bugali na chumvi.

Siku moja saa za mchana ile sauti ikarudi. "Bandugu, mutoto wangu mwanamuke, iko na myaka munane. Aliamuka asubuhi, miguu imekazana. Anatembea kwa vidole, magoti yanagongana, anaanguka. Homa hana. Ni dawa gani tumupatie?"

Majibu yakamiminika. Huyu anasema mkandeni na mafuta ya mawese. Yule anasema mtoto amerogwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimeanza kuandika langu. Ndipo muuguzi mmoja, ambaye hata sikujua kama yumo ndani ya grupu, akauliza:

"Baba, munakula nini pale kwenu?"

"Bugali ya mihogo."

"Na nini?"

"Mara nyingi peke yake."

"Ile mihogo munaloweka siku ngapi?"

"Usiku mumoja. Ni vile Profesa alituambia humu."

 Muuguzi akasema waache kula huo unga, wamlete mtoto kituo cha afya kesho yake asubuhi. Nami nilifanya nini? Nilitafuta jibu langu la zamani, nikalifuta. Kisha nikazima simu.

Siku mbili sikuiwasha.  Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, nilimkuta mke wangu uani anatoa mihogo kwenye pipa. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Ile ya uchungu munalowekaka siku ngapi?"

"Tatu. Ine kama kuko baridi." Akaniangalia. "Myaka kumi na ine unakulaka bugali yangu, leo ndiyo unauliza?"

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, mpaka ule ujumbe wa mama wa Nundu. Nilitegemea atanipigia kelele. Hakupiga. Alinawa mikono, akauliza neno moja tu: "Bale batu, leo bako banakula nini?"

Wapendwa, mnisikilize hapa. Siku mbili nzima nilikuwa nafikiri jina langu. Nani ameona, nani atasema, nitapita vipi sokoni. Muuguzi aliwaambia waache ule unga, lakini hawakuwa na mwingine, na mimi sikuwa nimekifikiri chungu chao hata mara moja. Swali la mke wangu ndilo lililoniamsha.

"Sijue," nikasema.

"Basi unangoja nini? Vaa viatu."

Alijaza mfuko kwa unga wetu mzuri, akaweka maharage na samaki wakavu, akapanda nyuma yangu. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya pikipiki toka nianguke, na tulipopita lile daraja hata sikukumbuka kuogopa. Kwa kuulizauliza tuliwapata, ng'ambo ya Mboko, kwenye nyumba ya turubai. Baba alitoka, mtu mrefu, amevaa koti zito kwenye jua lile. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Alitusalimia yeye wa kwanza.

Nikasema, "Baba, mi ndiye ule banamuitaka Profesa. Nimekuja kuomba musamaha."

 Akamwita mke wake, akaniambia, "Sema tena, asikie."

Nikasema tena.

Akasema, "Benzetu ba milimani baliniambia: bale ba huku chini balikudanganya makusudi, banataka batoto yenu bafe. Mi nilikatala. Nilisema ule muntu alikosea tu. Sasa niambie mbele ya mama wa mutoto. Ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Kama hukujua, juu ya nini ulijibu?"

Ndugu zangu, mpaka leo naudai moyo wangu jibu la swali lile.

Akaendelea, bila hasira, na hapo ndipo paliniumiza zaidi. "Kulikuwa mama mumoja, alisema siku tatu. Mama wa batoto aliiona. Tulirudia kutafuta, tulikuta imefutwa. Tukasema labda ameona amekosea, ameiondoa mwenyewe."

Ningeweza kukaa kimya, maana wao hawakujua. Mke wangu alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Si yeye aliyeiondoa. Ni mimi."

Mama wa mtoto akainuka, akaingia ndani ya turubai. Hakutoka tena siku ile.

Nilitaka kuondoka. Mke wangu akasema sisi hatuondoki, akakaa chini na majirani wanawake, nao waliotoka milimani, waliokuwa wamesogea kusikiliza. Akaanza kuwaonyesha: mnamenya hivi, mnaloweka hivi, siku ya tatu mnabonyeza na kidole gumba, kikiingia bila nguvu, na harufu imebadilika, basi iko tayari, mnaanika juani kabisa, mpaka ikatike kama kijiti. Wiki iliyofuata alirudi, na nyingine akarudi. Mara ya nne mama wa mtoto naye akatoka, akakaa kwenye duara lao. Mimi hakunisalimia kwa muda mrefu, na sikumlaumu.

Nilirudi kwenye grupu nikaandika yote, bila kuficha. Nikamwomba mama wa Nundu msamaha kwa jina lake mbele ya wote, nikamwomba aandike tena lile jibu lake. Nikaomba nivuliwe usimamizi. Nilitukanwa, na nilistahili. Yeye aliandika jibu lake la siku tatu upya, kisha akaongeza: "Nimekusamehe. Lakini uache batu baseme."

Sasa juu ya mtoto. Ningependa kuwaambia kwamba siku moja aliamka akakimbia. Hapana. Muuguzi alitueleza wazi kwamba miguu ikishakazwa na mihogo ile, hairudi yote. Kula vizuri kunazuia isizidi, mazoezi yanasaidia. Kila Alhamisi nampeleka kituo cha afya kwa mazoezi, mimi na baba yake, mtoto katikati. Mwanzoni alitembea kwa fimbo mbili. Sasa ni moja. Magoti bado yanagongana. Mguu wangu mimi ulipona, na kila Alhamisi naliona hilo kwa macho yangu.

Mnaweza kusema, huu ni ushuhuda gani usio na muujiza? Mimi nimeinuliwa, ni kweli. Nimeacha kulewa sifa za watu, nalala, naongea na mke wangu kuliko zamani, na nyumba ya turubai naingia nikiwa mgeni anayekaribishwa. Lakini kuinuka kwangu kumelipiwa na mtoto ambaye hakuniuliza kitu.

Nashukuru. Namshukuru muuguzi aliyeuliza watu wanakula nini wakati sisi sote tulikuwa tunataja dawa. Namshukuru mama wa Nundu. Namshukuru mke wangu, ameketi pale, hapendi nimwonyeshe. Nawashukuru wazazi wa yule mtoto. Baba alinisamehe mapema. Mama alinisalimia mwezi uliopita, akanipa kikombe cha chai, nikashindwa kukinywa kwa machozi.

Na neno ninalowaachia ni dogo. Ulizeni, msiache kuuliza, kwenye simu au kwa jirani. Yule baba alisema aliuliza kwenye simu kwa sababu hapakuwa na jirani mwenyeji wa kumuuliza, na hilo ni letu sote la kufikiri. Lakini wewe unayeulizwa, kama hujui, sema sijui. Kuna mtu mahali fulani ameshika chungu, anangoja uliyoandika. Akitokea anayejua, hata kama anakuaibisha, mpishe aseme.

Nilimwambia yule baba kwamba leo nitasimama hapa. Nilimuuliza kama anakubali. Akasema, "Sema. Lakini usibaambie tu juu ya miguu. Baambie pia mutoto iko anasoma. Baambie katika hesabu ni yeye wa kwanza, amepita hata batoto bakubwa."

Nimewaambia.