Milingoti Mifupi ya Fundi Marijani

Tarehe 30 Juni 1953 Fundi Marijani Mwinjuma anastaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya useremala hapa Kurasini kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1922 akiwa mbeba mbao. Anatoka akiwa fundi mkuu, na kalamu yake ya risasi ingali imechomekwa kwenye kofia, huku yeye akiitafuta mezani.

Ametengeneza madawati ya shule, vitanda vya wagonjwa na milango ya maghala ya bandarini. Futi ya chuma hakuipenda. Alipima kwa shibiri, na milango yake ilifunga vizuri.

Kazi iliyomtangaza zaidi ni ile manowari ya zamani ya matanga iliyoko ukumbini. Mwaka 1938 Bwana Meneja wa wakati huo alimpa picha, akamwagiza achonge mfano wake, akaahidi kwamba ukifanana na picha, cheo cha fundi mkuu ni chake. Marijani alichonga mkuku, ule mti wa chini unaobeba meli nzima, kwa mvule, akapigilia ubao mmoja mmoja, akatoboa matundu ya mizinga sabini na minne. Tukamwita Nahodha. Kila asubuhi Jamali wa randa alimuuliza, "Nahodha, tunang'oa nanga lini?" Naye alijibu bila kuinua macho, "Nikipata abiria wenye akili. Wewe utabaki."

Kushona matanga alimpa mke wangu, Kokushubila, nyumbani kwetu Temeke. Alimpelekea kitambaa cha marekani pamoja na vipimo: tanga kubwa shibiri mbili na vidole vitatu, na mengine vivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza ni shibiri ya mkono wa nani. Kokushubila alipima kwa mkono wake, uliokuwa mdogo. Matanga yote kumi na mawili yalipofungwa, meli ilikuwa kama mtu mzima aliyevaa kanzu ya mtoto. Kokushubila alicheka sana aliposikia, akaniambia, "Mwambie shemeji alete mkono wake, nishone upya." Wiki ile ile alishikwa na homa, akafariki.

Msiba ulipokwisha, nilimwomba Marijani atafute mshonaji mwingine, maana cheo kilikuwa kinamngoja. Kesho yake nilimkuta ameng'oa milingoti yote mitatu, anaipunguza. Alikata na foromali, ile miti ya kushikia matanga, mpaka kila tanga likakaa sawasawa.

Bwana Meneja aliweka picha kando ya meli, akauliza kwa nini milingoti ni mifupi. Marijani alisema, "Bwana, matanga haya yameshonwa na mtu wetu. Mti ndio unaokatika." Meli ilipokelewa, lakini cheo alipewa mwingine. Marijani alikipata miaka saba baadaye, na katika miaka hiyo sikumsikia akilitaja jambo hilo hata mara moja.

Mwezi uliopita aliulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa. Aliomba kwamba matanga yale, ambayo sasa yamegeuka manjano, yasibadilishwe. Amekubaliwa. Kuyapangusa vumbi ni kazi yangu.

Fundi Marijani, tunakushukuru kwa milango, kwa utani, na kwa milingoti ile. Kapumzike na mkeo, Mama Hamisa, mle vizuri, mlale vizuri, na Mungu awape afya. Kalamu iko kofiani.

Adelard Gozbert, karani wa stoo