Dakika Nne Katika Benchi la Tatu: Historia ya Mzee Ephantus Njiru Njue

Baba Padre, Mheshimiwa Kasisi, wazee wetu, majirani wa Nkubu, ndugu mliotoka Kiritiri kabla ya jua kuchomoza na wakwe zetu wa Muthara, familia inawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika. Karatasi hii imeandikwa na familia nzima na inasomwa na Kathuri Njue, mdogo wa marehemu, ambaye alikatazwa kuongeza maneno yake na ambaye tayari ameyaongeza. Familia inajua mnachoulizana tangu mlipopewa programu pale mlangoni, yaani kwa nini mtu aliyepiga picha nyuso za Nkubu nzima kwa zaidi ya miaka arobaini amewekwa kwenye karatasi akiwa ametupa mgongo, tena katika picha isiyo na rangi. Kamati ya mazishi iliuliza hivyo hivyo, ikalijadili jambo hilo jioni mbili mfululizo, na kwa kuwa jibu limo ndani ya maisha yake mwenyewe, tunaomba mtuvumilie tuyasome tangu mwanzo.

Mzee Ephantus Njiru Njue alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952 karibu na Kiritiri, katika nchi ya Mbeere, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Njue Kathuri na marehemu Mama Ciarunji. Jina Njiru kwetu ni la weusi, na baadaye, wateja walipomlaumu kwa kuwa hapendi picha za rangi, aliwajibu kwamba nusu ya kazi yake alipewa na nyanya yake siku ya kuzaliwa, akabaki kuutafuta weupe tu.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1961 akamaliza darasa la saba mwaka 1967, akaenda sekondari hadi kidato cha pili, na mwaka 1970, ukame ulipozidi na baba yetu kuugua, akarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Alikuwa mchungaji mbaya kabisa, na anayesoma haya ndiye aliyekuwa akitumwa kuwatafuta waliopotea, kwa sababu kaka yake alikuwa akikaa juu ya jiwe akitazama kivuli cha mgunga kikisogea hadi akaweza kutaja saa bila kukosea. Aliyasema mwenyewe akiwa mzee, kwamba kazi yake aliisomea juu ya lile jiwe.

Mwezi Machi mwaka 1971 alikwenda Embu mjini, akaajiriwa kufagia studio ya Bwana Pinto, mzee wa Kigoa, mwenye asili ya India, aliyekuwa na subira, na baada ya mwaka mmoja akaruhusiwa kuingia chumba cha giza, akafundishwa kuchanganya dawa na kuosha picha. Mwezi Februari 1975 alifungua studio yake hapa Nkubu, katika chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, na hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko la ubatizo, kwa maana kila aliyeketi mbele yake, awe chifu, bibi harusi au mtoto mchanga, aliambiwa neno moja tu, “Tulia,” na Nkubu yote ikamwita Mzee Tulia.

Bwana Pinto alipostaafu mwaka 1978 alimwachia kamera yake kubwa ya mbao, ile inayosimama kwa miguu mitatu na kufunikwa kwa kitambaa cheusi, pamoja na kitabu cha picha za makanisa makuu ya Ulaya, yale ya mtindo wa Gothiki, yenye matao yaliyochongoka juu na dari za mawe zilizoshikwa na mbavu. Marehemu alikitazama kitabu hicho mpaka kikaachana na jalada, kisha siku moja akainua macho na kuona kwamba kanisa la namna hiyo hiyo, dogo kidogo lakini lenye kila kiungo, lilikuwa likimsubiri juu ya barabara ya Embu, nalo ndilo hili tulilomo sasa, Kanisa la Mtakatifu Klementi, lililojengwa na mafundi wa misheni kwa mawe ya kijivu ya hapa hapa. Sisi tumezoea kuliita katedrali ingawa halijawahi kukaliwa na askofu, na maparoko saba wamejaribu kutusahihisha wakachoka.

Humu ndani, kama mnavyoona, mwanga ni hafifu, unaingia kwa lile dirisha la mviringo na kushuka polepole juu ya nguzo, kwa hivyo ili mawe yatoke vizuri ilimbidi aache jicho la kamera wazi kwa dakika nne nzima. Katika dakika nne hizo, mtu anayetembea hashikwi na filamu, anapita kama hakuwepo, na anayebaki ni yule aliyetulia. Marehemu alilijua hilo, lakini hakuwaeleza akina mama waliokuwa wakifagia kanisa siku za Ijumaa, nao walipoiona picha ya kwanza mwaka 1981, kanisa tupu bila hata mmoja wao, waliamua kwamba kamera ile inameza watu, wakagoma kufagia wiki tatu, mpaka paroko wa wakati huo alipoinyunyizia maji ya baraka mbele yao. Bawaba yake moja ilishika kutu siku hiyo na haijafunguka vizuri hadi leo.

Turudi nyuma kidogo, kwenye ndoa. Mwaka 1977 binti mmoja wa Muthara, Doris Karimi Muthamia, aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare katika kanisa hili, alikwenda studio kupigwa picha ya kitambulisho, akaambiwa atulie, akacheka, akaambiwa tena, akageuza shingo, na filamu tatu zikaharibika. Alipoulizwa ana shida gani, alijibu jibu ambalo familia yetu imelirithi: “Mimi hutulia nikitaka, si nikiambiwa.” Kaka yetu alifunga studio mapema siku hiyo, akaja mpaka Kiritiri kutuambia amepata mke. Walifunga ndoa humu humu Jumamosi tarehe 11 Agosti 1979, kaka yetu akiwa Mwanglikana na akabaki Mwanglikana, ingawa alikaa ndani ya kanisa hili saa nyingi kuliko Wakatoliki wengi waliopo hapa, na tunamshukuru Kasisi wake kwa kutomwonea wivu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Winrose aliyezaliwa 1980, Mutuma aliyezaliwa 1983 na Caroline aliyezaliwa 1988, na wajukuu watano. Alikuwa baba mpole, hakuinua sauti wala mkono, lakini ana deni moja la upendo ambalo Winrose ameturuhusu kulitaja. Katika sherehe zote za nyumba ile, ubatizo, mahafali, hata harusi ya Winrose mwenyewe mwaka 2006, baba alikuwa nyuma ya kamera, kitambaa kichwani, na Winrose alimwomba mara nyingi asimame naye japo picha moja, akajibiwa kwamba kesho, kwamba mwanga umekwisha, kwamba kamera haiwezi kuachiwa mtu mwingine. Kesho hiyo haikufika.

Mama Winrose naye alikuwa na mazoea yake. Kila mara mumewe alipobeba kamera kuja kanisani, alimfuata na rozari, akaketi benchi la tatu upande wa kushoto, kando ya nguzo, akatulia bila kuambiwa. Na kwa kuwa alitulia, filamu ilimshika. Marehemu alitaka mawe peke yake, akamwomba asubiri nje, naye akasema anasali na kanisa si studio, basi mumewe akawa akirudi chumba cha giza, anasafisha picha, kisha anachukua kisu na rula na kukata ukingo wa kushoto, benchi, mke na yote. Ndiyo maana katika picha zake zilizoko nyumbani kwa Padre na katika ukumbi wa parokia, nguzo ya kushoto huwa nusu. Wengi mlidhani ni ufundi.

Mama Winrose aliitwa na Bwana tarehe 17 Juni 2016 baada ya kuugua kwa muda mfupi, na wiki iliyofuata mumewe aliingia chumba cha giza akawa hatoki ila kwa chakula. Watoto waliogopa, Winrose akaomba ruhusa kazini, akaja, akamkuta ametoa negativu zote za kanisa, zile filamu zinazotolewa picha, ambazo hazikuguswa na kisu kwa sababu alizihifadhi nzima, anazisafisha upya moja baada ya nyingine pamoja na ukingo wake. Zilikuwa thelathini na moja, na katika kila moja Karimi alikuwepo, kwanza mwanamke kijana mwenye kitambaa kichwani, kisha mama mwenye mtoto aliyelala pajani, kisha mwanamke mnene kidogo mwenye sweta, kisha bibi aliyeinama, pale pale, karibu na nguzo. Alikuwa amezitundika kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, bado zinadondosha maji, naye amekaa chini yake kwenye kiti kidogo. Alimwambia binti yake hivi: “Nilidhani anaharibu picha.” Wakalia pamoja hadi jioni, na hatuoni haya kuwaambia.

Aliendelea kufanya kazi hadi mwaka 2021, macho yalipopungua. Mwezi Mei 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa Nkubu na baadaye Embu, akapata nafuu, akarudiwa na ugonjwa mwezi Desemba mwaka jana, na Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa nyumbani na Caroline amemshika mkono, alipumzika. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili.

Ndipo kamati ilipodai picha ya programu, na ndipo sisi tulipogundua kwamba hatuna. Nyumba ilikuwa na maelfu ya nyuso, lakini si uso wake. Ilikuwepo ile ya kitambulisho, ambayo Mutuma alisema baba anaonekana kama mtu anayetafutwa, na kamati ilikuwa karibu kuipitisha. Winrose alitafuta siku tano, kwenye masanduku, kwenye makopo ya biskuti, kwenye bahasha, akitaka uso wa baba yake, na siku ya tano akaipata picha mliyoishika, imefungwa kwa kitambaa kile cheusi ndani ya sanduku la kamera. Ni kanisa hili, zima, nguzo zote mbili, na katika benchi la tatu mzee mmoja ameketi, mgongo kwetu, amesogea kando na kuacha nafasi ya mtu mmoja karibu na nguzo. Alifungua jicho la kamera, akatembea hadi kwenye benchi, akatulia, na kule kutembea kwake hakuonekani. Nyuma ya picha ameandika kwa penseli: “17 Juni 2017. Dakika nne. Mimi na Karimi. Yeye hakutulia.”

Kamati iliposomewa maneno hayo ilifunga mjadala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Nkubu na Embu, majirani waliolala nasi na kutuchotea maji, Padre kwa kumpokea Mwanglikana huyu kwa mara ya mwisho na Kasisi kwa kumruhusu, mafundi wa picha wa Nkubu, ambao karibu wote waliosha picha yao ya kwanza kwa Mzee Tulia, na akina mama wa usafi wa kanisa, ambao walimsamehe zamani.

Sasa tunawaomba jambo moja, kabla jeneza halijainuliwa. Kamera ya mbao mnaiona hapo katikati, pale pale alipozoea kuisimamisha. Ilikuwa imebaki filamu moja. Winrose ataondoa kifuniko, atatembea hadi benchi la tatu aketi na ndugu zake, jeneza la baba yao likiwa mbele yao, na hii itakuwa picha yao ya kwanza wakiwa wote. Tunaomba msisimame kimya kwa dakika moja kama ilivyo desturi, bali mkae dakika nne, bila kujipepea, bila kutazama simu, na anayetaka kulia alie bila kutikisa mabega, akiweza. Asiyeweza asijali, atakuwa amekuwepo hata kama hataonekana, tumeandikiwa hivyo na mwenye kamera.

Kaka Njiru, safari hii kuhesabu dakika si kazi yako. Tulia kwa amani.