Omena Niliyoikausha Kama Mahindi

Chamgei. Oyawore. Bwakire. Wote nimewasalimia, kila mtu kwa lugha ya kwao, sasa mniruhusu nisikae. Mvua ikipiga mabati hivi miguu yangu haitulii, kwa hivyo nitatembeatembea hapa mbele na nyinyi mnifuate na macho.

Mimi ni Mkipsigis wa hapa Konoin, nina majani chai kidogo. Kwetu samaki haikuwa chakula. Mama mkwe wangu huiita nyoka ya maji. Mtauliza, mtu kama huyo aliingiaje biashara ya omena, hawa dagaa wa ziwani? Ni jua, ndugu zangu. Mwaka ule kabla ya mvua kubwa, jua liliwaka mpaka majani ikakataa kuchipuka, kikapu kinarudi nyumbani nusu. Nikaona wachumaji wa kampi ya chai hapo chini, wengi wametoka upande wa ziwa, wanatamani omena na hakuna wa kuwaletea. Nikaenda ziwani, nikabeba gunia. Likaisha siku mbili.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mchumaji, mzaliwa wa huko ziwani. Jina lake silitaji. Yeye ndiye alinifundisha kupima kwa mkebe, na akawa ananitangaza kwa wenzake: "Nendeni kwa yule Mkipsigis, omena yake ni safi." Nilimpenda sana.

Halafu ikaja ile mvua watu waliita El Niño. Mnaikumbuka. Ilianza kabla hatujaitarajia, kisha ikakataa kwenda. Nikifika ziwani nakuta maji yamepanda mpaka pale wanawake walikuwa wanaanika omena juu ya nyavu kuukuu. Gugumaji limefunga ufuo, mashua haitoki. Wavuvi wanasema maji yamepata joto, omena imehamia mbali. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, ziwa hili nimezaliwa nalo, lakini siku hizi tunabahatisha tu." Siku niliyopata gunia, lilikuwa na unyevu. Nikanunua hivyo hivyo. Ningerudi mikono mitupu?

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mahindi ikiwa na maji tunafanyaje? Tunapandisha darini, juu ya moto wa jikoni. Moshi inakausha, ukitikisa inalia, basi umemaliza. Mimi nikapandisha omena. Siku tatu nilikuwa napanda na kushuka ngazi kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Siku ya nne nikatikisa, ikalia. Harufu? Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kwangu samaki yote ilikuwa inanuka. Sikuwa nimewahi kuweka hata moja kwa mdomo. Iliyooza ningeijuaje?

Nikauza Jumamosi. Jumatatu nikarudi kampi. Nyumba baada ya nyumba, watu walikuwa wametapika na kuhara tangu Jumapili. Rafiki yangu, yule mteja wa kwanza, alikuwa amebebwa mpaka zahanati. Mwanamke mmoja alinimwagia omena miguuni, akasema, "Chukua sumu yako, na usikanyage hapa tena!" Mwingine nyuma yake akasema kabila langu limekusudia. Akina mama, si mnajua miaka hiyo neno kama hilo liliweza kuchoma nyumba za watu?

Wiki mbili sikutoka boma. Natembea kutoka mlangoni mpaka kwa ng'ombe, nageuka, narudi. Mume wangu akasema, "Mama, kaa chini, unachimba mtaro na miguu." Ningekaaje? Niliogopa yule mama atakufa. Na niliogopa akifa, kampi itainuka, na watu wangu watainuka, na mwanzo wake ni mimi.

Hakufa, Mungu asifiwe. Siku moja nikamwona anapanda kilima kuja kwangu, amekonda, amejifunika karatasi ya plastiki. Nikapiga magoti kwa matope. Hakuniinua. Aliniuliza, "Hiyo omena uliionja?"

"Hapana."

"Na zile zingine za nyuma?"

"Hata moja."

Ndipo akawaka. "Kumbe unatulisha kitu wewe mwenyewe unaogopa! Kesho unakuja kampi. Unakula, na watu wanakuona."

Nilienda. Wanawake wamesimama, wamefunga mikono kifuani. Alikuwa amekaanga omena nzuri kwa nyanya. Yale macho madogo yananiangalia! Nikafunga yangu, nikatafuna, nikameza, machozi yananitoka. Mtu akacheka, wengine wakafuata. Halafu akaleta kidogo ya ile mbaya yangu aliyokuwa ameiweka, akasema, "Hii usimeze. Onja, uteme." Ulimi ukaniwasha kama pilipili. Ndugu zangu, hapo cheko lao nililisikia kwa mbali. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu kumbe ingetosha niweke moja tu kwa ulimi, na hakuna mtu angeugua.

Sio wote walinisamehe siku hiyo. Aliyenimwagia alikaa mwaka mzima bila kununua. Lakini lile neno la kabila lilikufa pale pale, kwa sababu waliona ilikuwa ujinga, na ujinga tukauondoa pamoja.

Nawashukuru wa zahanati. Namshukuru mume wangu. Mama mkwe pia, ingawa mpaka leo ananiambia nisukutue mdomo kabla sijashika kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Na fundisho langu ni hili: hali ya hewa imegeuka, huku kwa majani na kule ziwani, na yale tuliyozoea hayatoshi tena. Ukiona kitu kimebadilika, uliza wanaokijua. Na usimpe jirani kitu wewe huwezi kula.

Shukrani ya mwisho ni ya yule mama. Ako hapa ndani, amenikataza nisimwonyeshe. Mama, ungeweza kunyamaza, ukaacha watu wachukiane. Lakini ulipanda kile kilima na miguu ya mgonjwa, kwa mvua, ili unigombeze. Mungu akuweke.