Nilianguka Kitandani, Nikaficha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikeni polepole, kichwa changu kingali kinaogopa kelele.

Mimi njo Mama Feza, mujane wa hapa Kingi, ninalima viazi na maharagi. Mchana mumoja malaria ilinilaza. Homa ikapanda, nikaota ninavuka mto. Nikanyoosha mguu, nikajikuta chini ya kitanda, kichwa kimegonga kona ya sanduku!

Esta, muke wa mutoto wangu, akanipeleka kituo cha afya. Muganga akashona kidonda, akasema: "Mama, rudi siku ya tatu. Na hata kidonda kikipona, kichwa kikiendelea kuuma, ao mukono ukilegea, usikawie. Kwa wazee damu inaweza kuvuja ndani polepole."

Sikurudi. Ndugu zangu, niliogopa! Jirani alikuwa amesema muntu muzima haanguki kitandani bure, kuna mukono unamusukuma. Nikaona nikirudi kituoni maneno ya uchawi yataenea, na neno hilo lilinitisha kuliko damu. Siku ya tatu nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda shamba. Esta akiuliza, ninajibu, "Niko muzima." Nilidanganya!

Majuma matatu yakapita. Kichwa kikawa kinauma kila asubuhi, nikanyamaza. Halafu siku moja ninamenya viazi, kisu kikanianguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Nikataka kumwambia Esta anipe maji, ikatoka, "Nipe mbuzi." Esta akacheka. Kisha akaangalia mudomo wangu, kicheko kikakatika.

"Mama, sema tena."

Nikashindwa. Woga ule, ndugu zangu! Ndani unajisikia uko muzima, lakini kinywa kimekukataa. Nikalia moyoni: Bwana, usiniache nife na uongo huu!

Jirani akafika, akasema nipelekwe kwanza kufukuziwa pepo. Esta akamujibu, "Tutaomba njiani." Akaita moto, pikipiki ya kukodi, akaniweka katikati yake na dereva, akanifunga kwa kitenge ili nisianguke. Matope mpaka Masisi! Mahali fulani risasi zikalia ngambo ya bonde, dereva akazima moto. Tukangoja. Nilisikia moyo wa Esta unapiga mugongoni mwangu, nikajua naye anaogopa. Zilipotulia tukaendelea.

Hospitalini daktari akasema damu imejikusanya chini ya mufupa, inakamua ubongo, lazima watoboe tundu waitoe. Kutoboa kichwa! Nikatia kidole cha kushoto kwenye karatasi ya kukubali, maana mukono wa kuume ulikuwa umekufa. Niliingia mule ninaomba moyoni.

Nilipoamuka wakaniuliza jina. Nikataja langu, na la baba, na la babu, na la baba ya babu, mpaka daktari akasema, "Mama, inatosha!" Aleluya! Yesu alinirudishia kinywa!

Namushukuru Mungu, namushukuru Esta aliyeona nilichoficha. Nilimuomba musamaha, na leo ninauomba kwenu.

Ndugu zangu, mutegemeeni Bwana, na siku muganga aliyowapa muiheshimu. Kesho mimi nina randevu nyingine Masisi, siku ya kuonana na daktari, wapime mukono na kichwa. Siwafichi: ningali ninaogopa. Lakini nitaenda. Na kama humu ndani kuna mama aliyeanguka na hajasema, anifuate inje tukimaliza kuomba. Kwenye moto ya kesho iko nafasi.